Mazungumzo na Pasta: Njia Fupi ya Mutu wa Mukono Mumoja

Hapa Kalemie tuko wazima. Ziwa lilipanda katika miaka hii na likaingia katika nyumba za watu wengi, lakini watu hawakuacha kazi, na sisi pia hatukuacha kuwaandikia.

Mwezi huu sitasema juu ya mahari, wala juu ya watoto wanaokataa kusoma. Nitasema juu ya ordinatere, ile mashini ambayo wengine wanaita kompyuta. Najua wengine mutacheka: «Pasta naye amekuwa fundi?» Hapana. Ninajua kidogo tu, na hata hiki kidogo nilifundishwa na mutu ambaye nilikuwa karibu kumufukuza. Ngojeni, mutasikia.

Kijana mumoja wa hapa kwetu alikuwa na diplome yake ya serikali, na alikuwa amejifunza ordinatere kwa miezi michache. Kazi hakuipata. Alifanya kama vijana wengi wanavyofanya: akaenda upande wa Manono kuchimba kasiteriti. Siku moja udongo ulianguka, na jiwe likaponda mukono wake wa kushoto. Waganga walimukata vidole vine. Alirudi Kalemie na umri wa miaka 23, muke mumoja, na mutoto ambaye alikuwa hajatembea bado.

Wakati ule biro ya kanisa letu ilitafuta mutu wa kuandika barua, kutunza hesabu na kuweka orodha ya ubatizo. Watu wawili walikuja, yeye na mwingine. Tuliwapa mutihani mumoja: kuandika barua, na ndani ya barua kutia hesabu ambazo ziko katika karatasi nyingine ya ordinatere. Yule mwingine alimaliza mapema. Kijana wetu alipokuwa anaandika tu, alienda vizuri. Lakini kila mara alipotaka kutoka katika barua na kwenda katika hesabu, alilazimishwa kuinua ule mukono wake mumoja kutoka kwenye klavie, kushika suri, kutafuta kile kialama kidogo kwenye ekrani, kufungua, kusoma, kuacha suri, kisha kurudia klavie na kutafuta tena mahali pa vidole. Mutu wa mikono miwili anaacha mukono mumoja kwenye klavie. Yeye hana wa kuacha. Nusu saa iliisha, naye alikuwa hajamaliza.

Wazee wakanong'onezana. Mumoja akasema: «Kijana ni muzuri, lakini hii kazi inaomba mikono mbili.» Mimi nilinyamaza. Ndugu zangu, kunyamaza kwa mukubwa ni kukubali. Nikamupa franka kidogo za safari, nikamwambia tutamwombea. Siku ile nilifikiri nimetenda mema.

Kwenye mulango akageuka, akaniambia: «Pasta, mi sikushindwa kuandika. Nashindwa na ile safari ya kutoka huku na kwenda kule. Munipe juma moja tu na ile ordinatere, mangaribi, wakati watu wamemaliza kazi. Kama hapana, nitarudia Manono. Kule hata mukono moja inaweza kuosha muchanga.»

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimemuzika mutoto wa jamaa nyingine aliyekufa katika shimo la namna ile ile. Asubuhi nikamupa ufunguo wa biro.

Sasa sikilizeni alichofanya, sababu kinaweza kuwasaidia hata ninyi wa mikono miwili.

Nyumba zetu nyingi ziko na mulango wa mbele wa wageni, na mulango wa nyuma karibu na jiko. Mama anayepika hazunguki nyumba nzima kila mara anapotaka chumvi. Anapita kwenye mulango wake. Katika ordinatere pia unaweza kujitobolea mulango wako mwenyewe. Unafinya vitufe viwili au vitatu vya klavie pamoja, na programu unayotaka inafunguka bila kugusa suri. Kwa Kifaransa wanaita «raccourci clavier». Mimi nasema njia fupi. Sisemi ile njia fupi nyingine tunayoijua katika migodi, ya bahasha chini ya meza. Hii ni njia fupi isiyoibia mutu.

Ordinatere zetu nyingi ziko na Windows na zinasema Kifaransa, basi naandika maneno vile mutakavyoyaona kwenye ekrani. Fuateni pole pole.

Kwanza, lazima kialama cha ile programu kiwe kwenye ekrani ya mbele, ile inayoitwa «Bureau». Kama hakiko, fungua orodha ya programu zote, shika kialama na suri, ukivute mpaka kwenye Bureau. Ukitaka barua moja au kitabu kimoja cha hesabu kifunguke chenyewe, inawezekana pia: finya kitufe cha kuume cha suri juu yake, chagua «Envoyer vers», kisha «Bureau (créer un raccourci)». Katika Windows 11 unapita kwanza katika «Afficher plus d'options».

Pili, finya kitufe cha kuume cha suri juu ya kile kialama kilicho kwenye Bureau, na uchague «Propriétés». Mutu asiyetaka suri anaweka alama juu ya kialama kwa vitufe vya mishale, na anafinya Alt pamoja na Entrée. Ni sawasawa.

Tatu, tafuta mahali palipoandikwa «Touche de raccourci». Finya mara moja ndani ya kale kasanduku kaliko pembeni yake. Sasa finya herufi moja tu, kwa mufano H. Windows yenyewe itaandika Ctrl + Alt + H. Finya OK. Imeisha.

Tangu saa ile, popote ulipo katika kazi yako, ukifinya Ctrl na Alt na H pamoja, kile ulichochagua kinafunguka. Ukichoka na njia ile, rudia palepale, futa ile herufi na kitufe cha kufutia, na useme OK. Lakini angalieni: ukitupa kile kialama kutoka kwenye Bureau, njia nayo inakufa. Mutoto mumoja kwetu alifagia ekrani yote ili iwe safi, na kesho yake hakuna njia iliyofunguka.

Kijana wetu alianza kwa kosa. Alifikiri: Excel inaanza na E, basi nitaipa E. Kesho yake aliandika barua yenye kuonyesha bei kwa euro. Alipofinya vitufe vya kuandika alama ya euro, badala ya alama kuonekana, hesabu zikafunguka mbele yake! Alifanya tena, zikafunguka tena. Alidhani mashini imeingiwa na virusi.

Sababu ni hii. Kwenye klavie zetu za Kifaransa, zile zinazoanza na A, Z, E, R, T, Y, kuna kitufe kinachoitwa AltGr, upande wa kuume wa kile kirefu cha kuachia nafasi. Kwa Windows, kufinya AltGr ni kama kufinya Ctrl na Alt pamoja. Na alama ya euro inaandikwa kwa AltGr na E. Basi njia yake mupya ilimeza alama ya zamani. Alama ya @, tunayoiandika katika adresi za barua za intaneti, inatoka pia kwa AltGr: pamoja na kitufe cha 0 kwenye klavie ya Ufaransa, na kitufe cha 2 kwenye klavie ya Ubelgiji. Basi, ndugu zangu, musitoe E kwa njia fupi, wala vitufe vya tarakimu za juu. Herufi nyingine ziko nyingi.

Lakini kosa lile lilimufungulia macho. Kama AltGr ni sawa na Ctrl na Alt, basi hahitaji vitufe vitatu. Kidole gumba cha kuume kinakaa juu ya AltGr, kidole kingine kinafinya herufi. Mukono mumoja unatosha.

Halafu akafanya jambo ambalo mimi nimelipenda sana. Hakuchagua herufi kwa jina la programu, alichagua kwa jina la kazi. H ni Hesabu, B ni Barua, U ni Ubatizo. Kila moja inafungua moja kwa moja kitabu kile kinachohitajika. Alisema: «Pasta, muzee wa kanisa hajui Excel ni nini. Lakini Hesabu anaijua.» Kweli. Tangu siku ile hata mimi nafungua hesabu bila kuita mutu.

Tena kuna historia moja inayonifikirisha. Katika mwaka 1981 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa ordinatere yake ndogo ya watu wote. Fundi mumoja aliyekuwa anaitengeneza, David Bradley, alitaka vitufe vya kuanzisha mashini upya ikikwama. Kwanza alichagua Ctrl, Alt na Esc. Lakini akaona kwamba mutu anaweza kuvifinya kwa mukono wa kushoto peke yake bila kutaka, na kazi yake yote ikapotea. Basi akabadilisha, akachukua kitufe cha Delete kilicho mbali upande wa kuume, ili lazima mikono miwili ifanye kazi. Alikuwa na haki, alitaka kulinda kazi za watu. Lakini muone: kile kinachomulinda mutu mumoja kinaweza kumufungia mwingine mulango. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hakuna aliyefikiri juu yake, basi. Na mimi katika ule mutihani wetu nilikuwa vilevile.

Kwa furaha, wengine walifikiri. Tangu Windows 95, iliyotoka katika mwaka 1995, kuna musaada ndani ya mashini yenyewe unaoitwa «Touches rémanentes». Maana yake, vitufe vinavyongoja. Finya kitufe cha Maj mara tano, moja baada ya nyingine. Ekrani itauliza kama unataka. Sema «Oui». Kuanzia hapo hulazimiki kufinya vitufe pamoja. Finya Ctrl, uachie. Finya Alt, uachie. Finya herufi. Mashini inangoja mpaka umalize, kama muzazi anayengoja mutoto anayejifunza kusema. Hata vile vitufe vitatu vya Bradley vinakubali kufinywa kimoja kimoja.

Hii inasaidia pia katika herufi kubwa, kama za mwanzo wa majina ya watu: unafinya Maj, unaachia, unafinya herufi. Na kama munajua klavie ya Ufaransa, tarakimu za mustari wa juu nazo zinaomba Maj. Kwa mutu wa hesabu mwenye mukono mumoja, hiyo ni taabu ya siku nzima. Ndiyo maana ni vizuri kumutafutia klavie yenye tarakimu pembeni upande wa kuume. Na kama suri ikiharibika, zile tarakimu za pembeni zinaweza hata kusukuma mushale wa ekrani: finya Alt ya kushoto, Maj ya kushoto na Verr Num. Tena neno moja: ukiwa umeweka vitufe vinavyongoja, halafu mutu mwingine akaja akafinya viwili pamoja, kwa kawaida vinazimika. Musishangae. Finya Maj tena mara tano.

Mimi binafsi natumia pia njia nyingine isiyohitaji kutengenezwa sana. Programu unayoitumia kila siku uibandike kwenye mustari wa chini wa ekrani: kitufe cha kuume cha suri, halafu «Épingler à la barre des tâches». Kisha finya kile kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na 1, na programu ya kwanza inafunguka. Pamoja na 2, ya pili. Na ukitoka katika biro kwenda kunywa maji, finya dirisha na L. Mashini inafungwa, na kama iko na neno la siri, mutu mwingine hasomi barua za watu. Wenye biro za kuandikia watu kando ya barabara, hilo ni kwa ajili yenu kabisa.

Mutaniuliza: dakika moja hapa, dakika moja pale, ni kitu gani? Kwetu ni kitu. Umeme wa Kalemie unatoka Bendera, kwenye muto Kiymbi, na hautujii saa zote. Ukikatika, tunawasha kamashini ka mafuta, na mafuta yanalipwa. Mutu anayefungua kazi yake mara moja anamaliza mbele ya mafuta kuisha.

Juma likaisha. Niliwaita wazee tena, nikaomba mutihani ule ule, barua nyingine. Kijana akakaa. Hatukuona mukono wake ukiruka huku na huku. Gumba kwenye AltGr, H, akasoma hesabu. Gumba, B, akarudi katika barua. Alimaliza, na dakika tano zilibaki. Hakuwa mwepesi kumupita yule mwingine, siwadanganyi. Lakini hakuwa na kosa hata moja katika tarakimu, na yule mwingine alikuwa nayo mawili. Muzee yule aliyesema juu ya mikono miwili alivua miwani yake, akauliza: «Na mimi utanionyesha?»

Yule mwingine tulimusaidia kupata kazi ya asubuhi mahali pengine. Wetu tulimupa miezi mitatu ya kujaribiwa. Sasa mwaka umepita na yeye yuko. Mushahara ni mudogo, na miezi mingine unachelewa, sitaficha. Muke wake anauza ndakala sokoni, na pamoja wanalipa nyumba. Mutoto anatembea, na anapenda sana kufinya vitufe. Kwenda Manono hakusemi tena.

Basi nawaachia mashauri machache.

Moja: musifanye njia fupi nyingi. Tatu au ine zinatosha. Ukitengeneza makumi mbili, utazisahau zote, na utarudia suri.

Mbili: kama ordinatere ni ya watu wengi, katika biro, masomoni au nyumbani, mupatane juu ya herufi, muziandike kwenye kakaratasi, mukabandike pembeni ya ekrani. Njia ambayo mutu mumoja tu anaijua inakuwa mutego kwa wengine. Siku akigonjwa, kazi inasimama.

Tatu: ninyi ambao hamuna ordinatere, musiseme haya si yenu. Katika nyumba zetu za migodi kuna watu wengi waliopoteza mukono, kidole, jicho. Wanakaa chini ya muti wakiangalia barabara. Mutoto wako anayesoma commercial anaweza kukaa na mujomba wake mangaribi moja mbele ya mashini ya masomo, kama mwalimu akikubali, na kumuonyesha kile kitufe cha Maj mara tano. Hailipwi franka hata moja.

Ine: ninyi wakubwa munaotoa kazi, na mimi nikiwa wa kwanza, tukimuona mutu ameshindwa mutihani, tumuulize: umeshindwa wapi? Mimi sikuuliza. Yeye mwenyewe alinieleza kwenye mulango, wakati nilikuwa nimemaliza kumupa franka za safari. Kama angekuwa mutu wa haya, angeondoka na franka zangu, na leo sijui angekuwa katika shimo gani.

Nilimwomba ruhusa ya kuandika habari hii. Akasema: «Andika, Pasta, lakini usiandike jina. Na uwaambie juu ya ile E, wasiteseke kama mimi.» Nimewaambia.

Mubaki salama, na wanaoshuka katika mashimo kesho asubuhi warudi wote jioni. Tuonane mwezi ujao.

Ndugu yenu, Pasta wa Kalemie.